Viwavi Weupe wa Shamba la Susana

Mvua za mwaka wa sitini na moja ziliufurisha mto Kuja. Javan alijaribu kuvuka akitokea Macalder, maji yakamchukua. Mwili haukuonekana. Wazee wakazika yago, tunda refu la mti wa mwegea, mahali pake, kama desturi inavyotaka kwa aliyepotea majini, na mkewe Susana akaambiwa sasa yamekwisha. Hayakwisha. Mtu amuageje mumewe kwa kuzika tunda?

Mvua za mwaka uliofuata zikaja na viwavijeshi. Waliuvamia mtama wake, weusi, wengi kama mchanga, na sauti ya kutafuna kwao ilikuwa kama manyunyu juu ya majani makavu. Susana aliwaponda kwa miguu mpaka akachoka.

Kisha asubuhi moja akakuta kimya. Viwavi wa shamba la juu walikuwa wamepanda hadi ncha za mimea, wakang'ang'ania pale, wamekufa, wamekauka, wamevikwa unga mweupe.

"Ni Javan," shemeji yake Otieno alinong'ona, akikataa kukanyaga shambani. "Hajapumzika."

Bwana shamba, Mgusii aitwaye Monari, alipofika alikata bua moja akalichunguza.

"Hii ni kuvu, mama. Vumbi lake humwangukia kiwavi, likaota, likatoboa ngozi, likamla kutoka ndani. Akikaribia kufa, humpandisha juu ili vumbi liwashukie wenzake."

"Humpandisha? Hata kama hataki?"

"Hana tena kutaka."

Susana akaikumbuka siku ya mto. Waliokuwa na Javan ukingoni walisema walimwita, wakamsihi angoje, naye hakugeuka. Aliingia majini kama mtu anayeongozwa.

"Shamba la chini bado wanakula," Monari alisema. "Watawanye hawa wafu kati ya wazima, mvua ikinyesha. Kuvu hupenda unyevu. Sikuahidi, lakini jaribu."

Aliwachuma kwa kikapu, mikono ikageuka myeupe. Kila alipomweka mfu kando ya aliye hai, midomo yake ilimwomba radhi.

Hazikupita wiki nyingi, shamba la chini nalo likanyamaza. Nusu ya mtama ilipona. Majirani walikuja kuomba viwavi wafu wa kutawanya mashambani mwao, akawapa.

Siku ya mavuno Otieno alikataa kula ugali wa mtama ule. Susana aliwapakulia watoto kwanza. Alipomega tonge lake, alilishika mkononi muda mrefu, hata mchuzi ukapoa. Kisha akala.