Samadi Mbichi kwenye Miche ya Mama

Mtaani walimwita Bi Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake, maana ilikuwa pua ya kawaida tu. Walimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na kitu chini ya jua ambacho hakukikunjia pua. Chai ya jirani ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe. Watoto wa watu hawakulelewa, walifugwa. Miaka yote aliyopiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikuwa akilitazama shati na kumhukumu mwenye nalo: huyu mchoyo, huyu mlafi, huyu mkewe hampendi. Akastaafu na goti bovu na dharau nzima, haijapungua hata chembe.

Lakini kama kuna mtu aliyeipata dharau hiyo mpaka ikafurika, ni shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa kinyozi, mume wa mdogo wake wa pekee. Jina la Bingwa lilimganda kwa kuwa kila aliyekalia kiti chake alimwita bingwa, hata mzee wa kipara aliyekuja kuondolewa nywele mbili za sikioni. Siku ya harusi Bi Pua alisimama jikoni akasema, kwa sauti ya kufika sebuleni, kwamba mdogo wake ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Bingwa alisikia. Akacheka, akaja kumsalimia kwa mikono miwili. Bi Pua hakumsamehe kwa kucheka kule.

Sasa mdogo mtu, aliyekuwa fundi cherehani, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akalazwa, akafanyiwa upasuaji, akaambiwa atakaa hospitali wiki kadhaa. Bi Pua akaitwa kuangalia nyumba.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na bustani ndogo, na pembeni yake lundo la mboji. Mdogo mtu alilijenga kama anavyoshona: majani makavu chini, maganda ya jikoni juu yake, samadi kidogo, udongo, kisha tena majani. Katikati alichomeka kijiti kirefu. Alikichomoa na kukishika. Kikiwa na joto, lundo liko kazini. Kikitoka kikavu, analinyunyizia maji. Kikinuka uvundo, anaongeza majani makavu na kuligeuza. Bi Pua aliyajua yote haya, kwa kuwa walifundishwa na mama mmoja, kwenye bustani moja, kwa vibao vya kichwa vilevile.

Alipokwenda kumwona hospitali, mdogo wake alimshika mkono.

"Dada, mchicha ukifa nitapanda mwingine. Hata nyanya, basi. Lakini ile miche ya bilinganya ni ya mama. Mbegu zake."

"Si unazo nyingine kwenye kopo?"

"Panya walilitoboa. Nilizookota ndizo nimepanda zote. Ile ikifa, dada, mbegu ya mama imekwisha. Nitazamie."

"Lala, mdogo wangu. Mimi nipo," akasema Bi Pua.

Na kweli alikuwepo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika na Bi Pua hakuligusa jembe. Alivuta kigoda mlango wa nyuma, akaketi, akamtazama shemeji yake anavyohangaika. Lo! Ilikuwa raha isiyo na kiingilio. Bingwa alirudi kutoka kazini na mfuko wa nywele za wateja akaumwaga kwenye lundo. Bi Pua akasonya: mtu gani analisha bustani vichwa vya watu? (Mdogo wake ndiye aliyemwagiza, na nywele huoza vizuri tu, lakini mwenye kudharau hana haja ya kuuliza.) Bingwa akamwaga maganda, akasahau majani makavu. Akalinywesha lundo ndoo kwa ndoo mpaka likaanza kunuka, inzi wakahamia. Kijiti alikichomoa, akakinusa, akatikisa kichwa kama daktari, akakirudisha palepale.

"Linaendelea vizuri, shemeji," akasema.

"Naona," akajibu Bi Pua, pua imepanda mpaka kwenye nyusi.

Miche ya bilinganya ilikuwa imechoka kidogo, majani yamepauka. Haikuwa na hatari; kiganja cha mboji iliyoiva, ile nyeusi iliyokuwa chini kabisa ya lundo, kingetosha kila mche. Lakini Bingwa alitaka mkewe arudi aikute imenawiri. Jumamosi akaja na gunia begani, jasho linamtiririka, anatabasamu. Mteja wake mfuga kuku alikuwa amempa samadi, imetoka bandani asubuhi ileile, mbichi, yenye harufu ya kutoa machozi.

Akalitua kando ya miche. Hapo akasita, akageuka.

"Shemeji, eti hii naimwaga hivihivi, au kwanza ikae?"

Kuuliza si ujinga, na mjinga siku hiyo hakuwa Bingwa. Jibu lilikuwa mdomoni mwa Bi Pua, limeiva: samadi mbichi ya kuku inaunguza, itie kwenye lundo ioze kwanza. Sentensi moja. Hata goti lisingehitaji kunyanyuka. Lakini akilini alimwona mdogo wake amerudi, ameiona miche imekauka, na hatimaye amemfahamu mbuzi aliyekuwa guniani. Moyo wake ukapata baridi tamu.

"Si wewe Bingwa?" akasema. "Bingwa anauliza tena?"

Bingwa akacheka, kama kawaida yake. Akamwaga. Akaisogeza kwa mikono mpaka kwenye mashina, akaimwagia maji, akaishindilia vizuri isije ikapeperuka. Bi Pua aliketi akatazama mpaka mche wa mwisho.

Kingo za majani zikageuka kahawia, kisha yakajikunja, kisha mashina yakalala. Bingwa alipogundua alikwangua samadi yote kwa vidole, akatia maji, akaweka kivuli cha kanga. Kazi bure. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichuchumaa pale. Bi Pua alimhesabia hilo pia: mwanamume mzima analilia mboga.

Siku mdogo mtu aliporudi, hakutaka kitanda. Alipita na magongo yake mpaka mlango wa nyuma. Bi Pua alikuwa amejitayarisha. Alikuwa amevaa hata kitambaa chake kizuri cha kichwa.

"Mke wangu," Bingwa akasema kabla hajaulizwa, "nimeua bilinganya za mama. Niliweka samadi ya kuku, mbichi. Sikujua. Nisamehe."

Mkewe aliitazama ardhi iliyoungua. Kisha akamgeukia dada yake, taratibu, kwa sababu ya nyonga.

"Na wewe, dada, ulikuwa wapi?"

"Shemeji alikuwa ndani," Bingwa akadakia. "Kazi zilimzidi. Hakuona."

Bi Pua alimtazama shemeji yake. Miaka yote alimwita mwongo, na huu ndio uongo wa kwanza aliowahi kumsikia akiusema. Na ameusema kwa ajili yake yeye. Angeweza kuukubali akanyamaza. Ulikuwa umekunjwa tayari, kama shati lililopigwa pasi.

Mdogo wake alikuwa ameshakiona kigoda. Kilikuwa palepale mlangoni, kimeelekea kwenye miche, miguu yake imechimba vishimo udongoni kwa kukaliwa.

"Aliniuliza," Bi Pua akasema. "Aliniuliza kama aimwage. Sikumwambia."

Hakuna aliyepiga kelele. Angelipenda wapige.

"Mama alitufundisha sote wawili," mdogo wake akasema. "Yeye hakufundishwa na mtu. Shika mkoba wako, dada. Urudi kwako."

Bingwa ndiye aliyeubeba mkoba mpaka barabarani, maana goti lilikuwa linamsumbua Bi Pua. Alipomkabidhi alimshika mkono kwa mikono miwili, kama siku ile ya harusi.

"Ukifika utupigie, shemeji," akasema, "tujue umefika salama."