Mbao Mbili za Rubona

Pipa la mawese lilitugeukia! Nilikuwa juu gatini, kamba imekaza viganjani, mara nikaona ubao unachomoka kwenye ukingo wa jiwe, na pipa zima, limejaa, linarudi chini botini. Chini alikuwepo mwenzetu, mwenye kazi ya kuweka kabari nyuma ya pipa. Nikapiga kelele, "Toka!" Alitoka, lakini mguu wa kulia ulibaki. Sauti ya ule mfupa naisikia hadi leo.

Sasa nieleze tulifikaje hapo. Shule niliacha darasa la tatu. Vita havikuniachia mume wala kaka, na pale Rubona, kando ya ziwa, nilikuta wajane watatu wanatafuta kibarua kama mimi. Boti za mawese zilikaa chini ya gati, karibu kimo cha mtu, na wanaume sita walikuwa wakipandisha pipa moja kwa kusukumana na kutukanana. Walipotuona wakacheka.

"Bamama, muende mukauze samaki ndogo, sambaza! Pipa hii itawakunja kama chapati."

"We ngoja, baba," akajibu mwenzetu wa kabari. "Ikipanda, utanifulia kitenge hapa mbele ya batu."

Tukaweka mbao mbili ndefu, zikalala kwa mwinuko mpole. Kamba mbili tukazifunga kwenye nguzo juu, tukazipitisha chini ya pipa, tukazirudisha kwetu. Niliona babangu akipandisha magogo hivyo kule Bugeshi: nguzo inabeba nusu, mutu nusu. Vuta! Pipa likajiviringisha lenyewe, polepole, kama mzee aliyeamshwa. Kabari nyuma yake, tupumue. Vuta tena! Lilipofika juu, bon, tuliruka, tukapiga vigelegele, tukakumbatiana na mafuta yetu mwilini. Wanawake wanne! Na yule mwanaume alifua kitenge kweli, gati zima likimwonyesha doa lililobaki. Sikujua bado ninaweza kufurahi namna hiyo. Tangu hapo, kila asubuhi nilikuwa natoka nyumbani mbio kwenda kazini.

Halafu mwenye boti, patroni wetu. Rubona yote inamjua: yule wa koti la ngozi. Alifungua baa karibu na kituo cha minibasi, akataka mabenchi. Siku moja tukakuta mbao zetu zimepigwa msumeno, zimebaki nusu.

"Patroni, hizi ni fupi," nikamwambia. "Zimesimama sana, na ncha hazishiki jiwe."

"Ubao ni ubao. Si mulijisifu kamba ndiyo inafanya kazi? Basi muvute. Ao niite wanaume?"

Tukavuta. Hilo ni kosa letu, nalikubali, tuliogopa kufukuzwa. Pipa la kwanza lilipanda. Katika la pili, boti nyingine ikapita, wimbi likainua yetu, na ubao ukachomoka.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Patroni alikuja hospitali na Fanta mbili, akasema mbele ya watoto wa mgonjwa: "Aliweka kabari vibaya."

Vibaya! Kabari ingezuia nini, ubao wenyewe ukiwa umeanguka? Niliyaona mabenchi yako, wewe wa koti la ngozi. Mafuta ya mapipa yetu bado yamo kwenye mbao. Njoo gatini mchana, watu wakiwepo wote, umwangalie mwenzangu machoni, umjibu: nani aliagiza msumeno?