Gamba la Bibi Mfinyanzi

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, na wewe bibi yako alikuwaje?" Hakuna aliyempiga picha hata moja, rafiki yangu, na sura yake imenitoka. Nikafungua sanduku, nikatoa kitu pekee chake nilichobaki nacho: gamba la kombe wa ziwani, yule mnyama wa magamba mawili, alilolainishia vyungu.

Bibi aliolewa kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa akaletwa huku kwetu Mbeya, na gamba lile alikuja nalo. Miaka ile ya hamsini kazi yangu ilikuwa kumkanyagia udongo kabla ya shule, miguu ikifa ganzi kwa baridi ya Juni, huku viazi vikinukia jikoni.

Nikaona gamba limelika sana, nikamhurumia. Siku tulipofuata udongo bonde la Songwe, nikachokoa jingine kwenye ukuta wa korongo, zito kweli, nikampa zawadi. Alilijaribu mara moja tu, likakichora chungu kibichi kovu refu. Nilitaka kulia. Yeye alicheka mpaka machozi.

"Mama," akaniambia, "kombe huyu ameshakuwa jiwe! Kazi aliacha zamani." Kisha akaliweka kando ya lile lake. "Ila ni ndugu hawa. Ona vidoa hivi viwili, hapa ndipo nyama yake iliposhika magamba yafunge kama mlango. Upande huu ulizama topeni, ule ukabaki juu kunywa maji. Na mistari hii iliyobanana, hapo alipata shida, hakukua."

Yote hayo aliyajua kuhusu mnyama ambaye hakuna aliyemwona, mahali ambapo mimi nilijua vumbi tu. "Basi kule bondeni kulikuwa na ziwa," akasema, akiligeuza gamba lake kama aliyekumbuka kwao. "Mwenyewe hayupo, uliza nyumba yake."

Siku hizi vyungu vimefukuzwa na sufuria, na tanuri lake limeota magugu. Basi wiki iliyopita nililishika gamba lake kwa mkono wa kulia, halikukaa vizuri. Nikalihamishia kushoto, kidole gumba kikatulia kwenye kishimo kilichochimbwa na kidole chake. Kumbe alitumia mkono wa kushoto! Nilisahauje? Kishimo ni kifupi, kipana, kama kilivyokuwa kidole chake, na ukingo umelika upande wa mbele tu, maana alisukuma, hakuvuta. Nikayaona mabega yake yakisukuma, nikalia bila aibu.

"Njoo," nikamwita mjukuu. "Weka kidole hapa. Bibi yangu alikuwa hivi."