Katoni Mbele ya Rejeta

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nainamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu chumbani. Sina mvi za kukuita mwanangu, kwa hiyo nitakuita mdogo wangu. Aliyestahili kukueleza haya ni Mama mkubwa Martina, lakini yeye akishasema jambo mara moja harudii. Basi acha niseme mimi, kwa kuwa aibu ni yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi. Nilirudi kijijini Qurus, karibu na Karatu, kukaa kwa Baba mkubwa Tluway, kaka yake baba yangu na mume wa Mama mkubwa. Alikuwa ameendesha watalii karibu maisha yake yote, na alipostaafu alibaki na gari kuukuu la safari, refu, la kijani, lenye gia za otomatiki. Majirani wote walilijua. Lilibeba mahindi, maharusi, hata wagonjwa. Lakini lilikuwa na ugonjwa wake. Likipanda mlima na mzigo, mafuta ya gia boksi yalichemka, gia zikaanza kuteleza, na Baba mkubwa akalazimika kuegesha pembeni alipumzishe kama mtu anayepumzisha punda.

Nikamshauri aongeze rejeta ndogo, ile ya kupoza mafuta ya gia boksi tu, inayofungwa mbele ya rejeta kubwa ili ipigwe na upepo. Alikubali haraka. Aliyechelewesha kazi nilikuwa mimi. Nilitazama video mtandaoni, nikasoma, nikapima, nikapima tena, nikaota mipira ya kupitisha mafuta inachomoka njiani. Fundi Pascal, mwenye gereji pale Karatu, aliishiwa uvumilivu.

"Msomi," aliniambia, "unataka kuifunga hii rejeta au unataka kuioa?"

Hatimaye aliifunga, mimi nikimshikia spana. Tuliijaribu kwenye mlima wa Rhotia, gari likiwa limejaa magunia, likapanda bila kuteleza hata kidogo. Baba mkubwa alimwambia kila mtu aliyekutana naye, "Hii ni akili ya kijana wangu." Kumbuka hilo, mdogo wangu. Mtu huyu alikuwa ananisikiliza. Sikuwa na sababu ya kumwogopa.

Kisha msiba ukaja. Mdogo wake Mama mkubwa, aliyeitwa Veronika, alikuwa ameolewa Samunge, kwenye vilima vya Loliondo, ng'ambo ya Ngorongoro. Simu ilisema amefariki na atazikwa kesho yake mchana. Mama mkubwa aliomba jambo moja tu: "Msifunge jeneza mpaka nifike nimwone." Wakamjibu watajitahidi, ila padri alikuwa na safari nyingine na watu walikuwa wametoka mbali.

Tuliondoka alfajiri. Mbele alikaa Baba mkubwa na mkewe, nyuma mimi pamoja na akina mama wa jumuiya, vyungu, mchele na mablanketi. Tulipofika geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma masikio. Madereva wa watalii waliokuwa wakisubiri vibali walimzunguka Baba mkubwa, maana wengi wao ndiye aliyewafundisha kazi.

"Shikamoo mzee! Hilo kabati bado linatembea?"

"Marahaba. Linatembea. La kwako juzi nililikuta linavutwa kwa kamba."

Wakacheka. Katikati ya kicheko hicho Baba mkubwa alifungua boneti, akatoa kipande cha katoni chini ya kiti, akakipachika mbele ya rejeta. Ni desturi ya madereva wa zamani wanaopanda kule juu asubuhi za baridi. Katoni inazuia upepo ili injini ipate joto upesi. Ameifanya miaka yote, mikono yake ilienda yenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshikilia boneti. Niliona katoni imefunika nusu ya chini ya rejeta kubwa, na kwamba rejeta yetu ndogo yote ilikuwa nyuma yake. Haikubaki hata pembe moja ya kupata upepo. Tulikuwa tunaanza mlima mrefu kuliko yote, na gari limejaa.

Nilijua. Sikuhitaji kupima wala kusoma.

Lakini wale madereva walikuwa bado wamesimama pale. Nikajiambia siwezi kumsahihisha mzee mbele ya vijana aliowafundisha, nitamwambia tukishaingia ndani ya gari. Tulipoingia, akina mama wakaanza wimbo wa maombolezo kwa Kiiraqw, nikaona si adabu kuwakatiza. Wimbo ukaisha. Nikaanza kupanga sentensi. "Baba mkubwa, samahani, ile katoni..." Nikaona inaanza kama lawama. "Baba mkubwa, hivi rejeta ndogo haihitaji..." Nikaona inajifanya swali wakati si swali. Je, kama nimekosea? Je, kama baridi peke yake inatosha kuipoza? Akisimama hapa kwenye kona na nyati watoke? Nikaipanga upya. Huku gari linapanda.

Baba mkubwa aligonga kioo cha kipimo kwa kidole. "Mnaona? Injini imetulia kama mtoto aliyeshiba." Na kweli ilitulia. Kipimo kile ni cha injini. Gia boksi la gari lile halina kipimo, linachemka kimyakimya.

Sentensi yangu ilikuwa karibu kukamilika, tena ilikuwa nzuri, niliposikia harufu, kama sufuria ya maharage iliyosahaulika jikoni. Injini ikaunguruma kwa nguvu na gari halikusogea. Baba mkubwa alibadilisha gia, akarudia. Likaanza kurudi nyuma. Akavuta breki ya mkono, tukasimama msituni, ukungu pande zote na kinyesi kibichi cha nyati barabarani.

Alifungua boneti. Akachomoa ile katoni bila kuiangalia, akaitandika kwenye nyasi zilizolowa, akamwambia mkewe, "Kaa hapa, usilowe." Na Mama mkubwa akaikalia. Akajifunika kitenge, akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa magari.

"Tutafika, mwanangu?"

Nikasema tutafika.

Baba mkubwa alikuwa ameshampigia Pascal, simu ikiwa kwenye spika. "Pascal! Umefunga nini kwenye gari langu?"

"Mzee, shikamoo. Kwani kuna nini?"

"Kuna nini! Niko msituni na wafiwa, wewe unaniuliza kuna nini!"

"Mzee, mpe msomi simu aangalie mipira."

Simu ikaja mkononi mwangu. Kila mtu alikuwa ananitazama.

"Msomi, mipira imechomoka?"

"Hapana."

"Mafuta yanavuja?"

"Hayavuji."

"Sasa tatizo nini?"

"Sijui," nikasema.

Mdogo wangu, nimesoma maneno mengi na kuandika mengi, lakini sijawahi kutamka neno linaloninyima usingizi kama hilo.

Baadaye lilipita lori la mahindi linaloelekea Loliondo. Dereva alimchukua Mama mkubwa na mwenzake mmoja. Walifika Samunge jua linazama. Watu walikuwa wamekwisha nawa mikono na kula. Kaburi lilikuwa limefukiwa na maua yamewekwa. Sisi wengine tulivutwa hadi Karatu, na njia nzima Baba mkubwa alikuwa akimlaani Pascal na rejeta yake. Mimi nilitazama dirishani.

Mama mkubwa aliporudi nilimkuta uani akipeta maharage. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye mwanzo na mwisho. Yote yalinitoka, nikasema kwa kifupi kwamba katoni ilifunika rejeta ndogo na kwamba niliiona.

Ungo haukusimama. "Uliiona tukiwa getini?"

"Ndiyo, Mama."

"Kabla hatujaanza kupanda?"

"Ndiyo."

Ungo ukasimama. "Sasa ulikuwa unamfikiria nani?"

"Baba mkubwa. Niliogopa kumvunjia heshima mbele ya wenzake."

"Hapana, mwanangu. Mume wangu mimi namjua. Angefoka, angetoa katoni, tungeendelea na safari. Wewe ulikuwa unajifikiria mwenyewe. Utaonekanaje, utajibiwaje, ukikosea watasemaje. Njia nzima umo wewe tu. Mimi nilikuwa naenda kumwona mdogo wangu, na ndani ya kichwa chako sikuwemo."

Nililia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikifumba macho kumtafuta, unanijia uso wake wa utotoni, tulipokuwa tunachunga mbuzi. Wa utu uzima hauji. Ndio nilikuwa naufuata." Akainua ungo tena. "Haya, kamwambie mzee. Kisha kamwambieni Pascal. Si kesho."

Baba mkubwa alifoka kama alivyotabiriwa. "Kwa hiyo shahada yako ni ya kunyamaza?" Halafu akavaa koti, tukaenda gereji. Alimwomba Pascal radhi mbele ya vijana wake wote, kofia mkononi, na kumbe ile heshima niliyodai kuilinda haikupungua hata chembe. Ilipofika zamu yangu, Pascal alinitazama akiwa hana utani hata mmoja. "Nilikuuliza kwa simu," akasema. "Mimi nilikuuliza." Akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza.

Gia boksi lilipatikana jingine. Rejeta ndogo ipo palepale, na Baba mkubwa hapachiki tena kitu mbele yake. Mama mkubwa ananipakulia chakula kama zamani. Hajanitaja kwa mtu. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayewaza sana kama mimi. Ukiona hatari na wenzako wako ndani ya gari, sema. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, sema mbele za watu kama hakuna nafasi nyingine. Mzee anayekupenda atakusamehe maneno mabovu kabla hamjafika kona ya pili. Usiite woga wako adabu, kwa sababu adabu inamfikiria mwenzako na woga unakufikiria wewe. Na ikitokea umenyamaza, basi angalau ukiulizwa usiseme hujui. Nami bado najifunza haya. Juzi tu nilishikilia neno kinywani mpaka kikao kikaisha, nikarudi nyumbani nikijikasirikia mwenyewe.

Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko hofu yako. Akuweke kati ya watu watakaokufokea na bado wakusikilize. Akulinde kila upandapo mlima ukiwa umebeba wa watu, na akufikishe kwa unaowapenda wakati nyuso zao bado ziko wazi kutazamwa.