Kopo la Udongo Kando ya Bomba

Mbwa hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani, mjane Mkristo tuliyeishi naye ua mmoja pale mtaani Biryogo, na tangu mumewe afariki mbwa huyo ndiye aliyebaki kuwa mwenzake. Mwaka wa tisini na moja binti yake alijifungua huko mashambani, mjane akaenda kumhudumia, akatuachia mbwa. Mume wangu, fundi cherehani, mtu wa kuchunga udhu wake kama mboni ya jicho, alikubali kumlisha. Kumlisha tu. Alimtupia chakula kwa mbali, na mbwa akimsogelea, yeye anakunja kanzu anakimbia. Nilikuwa namcheka mpaka mbavu zinauma.

Panya ndio waliotuponza. Walitafuna vitambaa vya wateja, basi mume wangu akachanganya sumu na ndagala, vile vidagaa vikavu, akaiweka chini ya cherehani juu ya kipande cha gazeti. Akaenda kuswali adhuhuri, mlango akausahau wazi. Niliporudi na maji nilimkuta mbwa analamba gazeti.

Mimi na papara yangu. Kwetu aliyekula sumu hunyweshwa maziwa, nami nilishayashika maziwa ya watoto mume wangu alipoingia. Akaangalia chini ya cherehani, akanishika mkono.

"Usimpe kitu, mama watoto. Twende kwa daktari."

Akakusanya sumu iliyobaki pamoja na pakiti yake, tukashuka kwa miguu hadi mtaa wa Gikondo kwa daktari wa mifugo, mbwa kwenye kamba anatikisa mkia, hana habari. Daktari aliisoma ile pakiti kwanza.

"Afadhali mmeileta," alisema. "Maziwa hayaondoi sumu hii, wala msijaribu kumtapisha wenyewe. Inazuia damu kuganda. Leo anacheza, lakini mkimwacha, siku chache zijazo atavuja damu ndani kwa ndani."

Akamdunga sindano, akatupatia vidonge vya wiki kadhaa. Nilivificha kwenye chakula. Mbwa akala chakula, kidonge akakitema. Nikijaribu kumfungua mdomo ananiungurumia, nami mwoga. Mume wangu alikaa kwenye kigoda akitutazama.

"Dada yetu mwenye mbwa akirudi nitamwambia nini?" akasema. "Sumu niliitega mimi."

Akakunja mikono ya kanzu, akamfungua mbwa taya kwa vidole vilevile vya kutunga uzi, akasukuma kidonge. Kisha akaenda bombani kunawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka kwa mate ya mbwa. Ikawa hivyo kila siku. Kopo la udongo likahamia kando ya bomba, ngozi ya mikono yake ikapasuka, nikawa namsugua mafuta huku moyo unaniuma kwa kumpenda. Na nilimsikia akibembeleza: "Haya bwana, meza, mama yako anakuja."

Jirani alirudi asubuhi moja, mume wangu akiwa katikati ya kazi hiyo, mbwa kamwekea kichwa gotini. Mume wangu akamweleza yote bila kuinua macho. Mjane alitazama kopo, akatazama ile mikono iliyopasuka. Miaka yote ya ujirani wetu alikuwa amemwona akikwepa mbwa huyo.

Akatua mzigo wake, akachukua birika, akammiminia maji mikononi, akangoja asugue udongo, akammiminia tena, mpaka akamaliza.