Sufuria ya Mama na Boti ya Bluu

Jumamosi, 12 Aprili 2008. Mvua imenyesha toka alfajiri bila kupumzika. Leo ni siku ya nne mlima haujaonekana, na barabara ya kushukia mjini imekatika pale kwenye daraja.

Mwanangu Festo,

Kuna siku moja nimeikwepa kwa miaka ishirini na moja, kama mtu anavyolikwepa shimo lililo kwenye njia ya shambani kwake mwenyewe. Leo mchana umenisukuma mpaka ukingoni bila kujua, na sikulaumu.

Daftari hili huwa naandika mvua, ng'ombe aliyezaa, na nani amefariki. Sina hakika kama naweza kuandika jambo kama hili. Niliishia darasa la nne, na mambo mengine hata mwenye shule nzuri angeyapanga vibaya. Nitaandika polepole. Nikikosea, ujue nimekosea kwa kutojua. Kosa la makusudi nilishalifanya, na ndilo nitakalokueleza.

Ulikuja na mvua yako kichwani, ukaniamkia shikamoo, ukaenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Nikasikia unaigonga boti kwa ngumi, kuku wanakimbia.

"Baba mkubwa, hii kitu bado nzima! Ni vitobo vidogo vidogo tu. Nina mshikaji kule Pasua mjini anachomelea alumini, siku mbili tunaimaliza."

Nikakwambia hiyo ni nyumba ya kuku.

"Kuku wanalala kwenye meli! Wewe tajiri, baba mkubwa." Ukacheka, na kicheko chako ni cha baba yako, hata ile kuinamisha kichwa. Ukasema kahawa imekufa, mjini hakuna kazi, utaipeleka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua perege. Halafu ukaingiza mkono chini yake ukatoa sufuria kuukuu. Ukaiinua juu, mwanga ukapenya matobo yake. "Na hii nayo? Kichujio cha togwa?"

Niliingia ndani. Ulidhani nimekasirika.

Sufuria ile ilikuwa ya mama yangu, bibi yako. Nilipokuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, baba aliniagiza nichanganye mrututu, ile dawa ya bluu tuliyokuwa tunapulizia kahawa. Pipa la mbao lilikuwa mbali, huko chini mferejini. Mimi nikaona uvivu, nikachukua sufuria jikoni, nikachanganyia humo, na iliyobaki nikaiacha ilale humo siku kadhaa. Mama alipoitafuta, chini ilikuwa na tope jekundu. Alipoisugua ikatoboka kama imechomwa na sindano mia.

Baba hakunipiga. Aliishika juani, akaniita nisimame upande wa pili, vile vidoa vya jua vikaniangukia kifuani.

"Unaona nini?"

"Matobo, baba."

"Mrututu unakula alumini. Unachanganywa kwenye mbao au plastiki. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akaitundika sufuria kwenye upenu wa nyumba, ili kila nikipita niione. Ilikaa pale miaka mingi mpaka nikaacha kuiona. Nilioa ikiwa pale. Hata ulipozaliwa, mwanangu, ilikuwa pale.

Sasa nikuambie kuhusu boti.

Ilikuwa ya alumini, imeachwa kwenye uwanja wa fundi seremala pale Pasua na watu wa mradi fulani wa maji uliokwisha. Ilikuwa na tobo la mkono mzima ubavuni, na benchi la mbele limevunjika. Ndio wakati watu walipoanza kuambiana ruksa, kila mtu afanye biashara yake. Inyasi, baba yako, mdogo wangu wa pekee, ndiye aliyeiona. Lazima niseme hivyo kwa haki: wazo la kuvua lilikuwa lake. Lakini mimi ndimi niliyelipenda zaidi, maana nilichoka kuitwa mkulima wa debe mbili za kahawa.

Fundi wa sufuria, Mzee Salimu, ndiye aliyeiziba. Alikata bati la sufuria kubwa ya shuleni, akaweka mpira wa tairi katikati, akapiga ribiti, vile vijisumari vya kubania bati, moja baada ya nyingine, kila moja akiipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayepapasa jino la mtoto. Benchi lililovunjika tukaling'oa ili nyavu zipate nafasi. Juu ya kingo tukaongeza mbao za mgrivea, shubiri moja kuzunguka, isiingize maji ya mawimbi. Mbao zile ziliongeza uzito. Hilo tulikubaliana wote wawili, sitajibebesha peke yangu.

"Rangi mtapaka ipi?" Mzee Salimu aliuliza.

"Ya bluu," nikasema.

"Bluu, nyekundu, shauri yenu. Iwe rangi ya mafuta tupu, ya dukani. Msichanganye na kitu."

Tulitaka kuipaka nyumbani, ili tusiache kahawa. Tukaipandisha kwetu Kibosho juu ya lori lililokuwa linarudi tupu kutoka sokoni. Akina mama waliotoka sokoni na ndizi zao walicheka mpaka wakatua mizigo.

"Nyie watoto wa mzee! Boti mnaipandisha mlimani? Gharika inakuja lini?"

Inyasi alisimama juu ya lori ndani ya boti, akawapungia kama padri. "Andaeni mbuzi wenu wawili wawili!" akawajibu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, samaki wakituona watacheka kuliko hawa." Alikuwa hajui kuogelea. Hata mimi sijui. Huku kwetu nani angetufundisha, mferejini?

Rangi iliyopatikana haikuwa ya bluu, ilikuwa nyeupe iliyokauka nusu. Mvuvi mmoja alikuwa ametuambia kule bwawani boti huota utelezi wa kijani chini, ikawa nzito kusukuma. Nikawaza kama mkulima. Kitu gani kinazuia ukungu kwenye jani la kahawa? Na kitu gani ni cha bluu? Mrututu ulikuwepo nusu gunia stoo. Nikausaga kwenye jiwe, nikauchanganya kwenye rangi. Ilitoka bluu nzuri, mwanangu. Inyasi alisema inafanana na sketi ya shule ya masista.

Kwenda stoo na kurudi nilipita chini ya sufuria ile mara mbili. Ilinigusa kichwani mara ya pili. Nikaisukuma pembeni kwa mkono.

Nimejiuliza miaka yote kama nilikumbuka wakati ule au nilisahau. Nikisema nilisahau, najipendelea. Nikisema nilikumbuka, sina hakika, na sitaki hata kujisingizia. Lakini kilichofuata nina hakika nacho. Baba alitoka ndani na fimbo yake, akazunguka boti taratibu, akaweka kidole kwenye rangi mbichi, akakinusa.

"Rangi hii mmechanganya na nini?"

Inyasi hakuwepo, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Ningeweza kusema. Ilikuwa ni neno moja. Tungekwangua siku ile ile, rangi ilikuwa mbichi. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na tano, nina mke, nina boti, nikaona aibu kuonekana tena kijana wa sufuria.

"Rangi tu, baba. Ya dukani."

Aliniangalia. Akafuta kidole chake kwenye jani la mgomba, akaingia ndani.

Miezi mitano boti ilifanya kazi vizuri. Tulipokezana, wiki yangu, wiki ya Inyasi, tukiwa na mvuvi wa kule kule. Maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo, Inyasi akiyachota kwa kopo. Aliwahi kuniambia, "Kaka, inatokwa jasho chini." Nikamwambia boti zote hutokwa jasho. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku yenyewe ilikuwa zamu yangu. Nilitaka kumaliza kupalilia kabla mvua haijakolea, nikamwomba anishikie zamu. Hakusita. Alinywa chai kwa mama yako akiwa amesimama, akakubeba wewe begani mpaka njia panda, akakushusha, akaenda.

Mvuvi aliyekuwa naye alinusurika kwa kushika dumu. Alitueleza hivi. Upepo ulitoka upande wa Upare mchana. Nyavu zilikuwa nzito. Boti haikupinduka, ilikaa chini ya maji taratibu, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Inyasi aliendelea kuchota kwa kopo mpaka maji yakamfika kifuani, na alikuwa bado anachota.

Nitasema haki yote. Upepo ulikuwepo kweli. Siku hiyo boti nyingine mbili zilirudi zimejaa maji nusu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba mrututu peke yake ndio uliomuua baba yako. Lakini walipoivuta nje, niliinama chini yake nikitafuta ribiti iliyolegea. Niliomba Mungu niipate. Hakuna hata moja iliyolegea. Kiraka cha Mzee Salimu kilikuwa kikavu na kigumu kama siku ya kwanza. Pembeni yake, kila mahali, rangi ya bluu ilikuwa imevimba malengelenge, na nilipoikwangua kwa ukucha ukatoka unga mweupe, na chini ya unga, mwanga.

Mzee Salimu alikuja msibani. Watu walikuwa wameshaanza kusema, boti iliyozibwa kwa sufuria itafika wapi. Alikwenda nyuma ya zizi, tulikokuwa tumeirudisha boti, akaikwangua kama mimi, akarudi akasimama mbele yangu. Alisema, "Nilikuambia rangi tupu." Alisubiri. Mimi nikainamisha kichwa kama mfiwa, na kweli nilikuwa mfiwa. Hakusema kwa mtu mwingine yeyote. Baada ya mwaka hakuna aliyempelekea hata birika, akafunga vyombo vyake, akarudi kwao Tanga. Sikuwahi kumfuata.

Babu yako, baada ya kumzika Inyasi hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, aliishusha ile sufuria upenuni, akaiweka ndani ya boti. Kisha akaniambia neno moja tu.

"Nilikuuliza."

Hakulirudia mpaka anakufa. Kumbe angenitukana kila siku ningepona.

Nami nikafanya kama desturi yetu inavyotaka. Nilikata jani la isale pale mpakani, nikamfungia mama yako fundo, nikampelekea asubuhi akiwa jikoni. Unajua mwenyewe, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe. Ilikuwa zamu yangu." Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Zamu ni ya Mungu, shemeji. Nimekusamehe." Alilia, akanipa chai.

Niliombea msamaha zamu. Rangi sikuitaja. Kwa hiyo kilichosamehewa ni zamu, Festo, na jingine nimebaki nalo mimi, na isale la pili sijathubutu kulikata. Jani lile linamlazimisha mtu. Naona kama nitakuwa namwibia.

Nilikulea, nikakusomesha mpaka nilipoweza. Ukiniita baba mkubwa najibu. Lakini usidhani wema ule ulikuwa wote wema. Sehemu yake ilikuwa woga. Ni sehemu gani, sijui.

Sasa nasaha, ingawa sijui mtu kama mimi anatoa nasaha kwa mdomo gani. Boti ile usiizibe. Ukiziba tobo moja, bati la pembeni limeshaliwa ndani kwa ndani, wala mchomeleaji wako hataliona. Kama ni lazima uende bwawani, nenda, sikuzuii, njaa naiona. Lakini nenda na boti nyingine, na kwanza ujifunze kuogelea, hata kama wenzako watakucheka. Ulichofundishwa jikoni na shambani ukibebe uendapo. Mimi nilidhani la shambani ni la shambani na la majini ni la majini. Na siku mtu mzima atakapokuuliza umechanganya na nini, mwambie. Mwambie rangi ikiwa bado mbichi. Hiyo aibu ni ya siku moja, nakuapia, na mimi nimeilipa kwa nyingine isiyo na siku ya mwisho. Na ukija kuomba msamaha, litaje kosa kwa jina lake lote. Usichukue msamaha wa kosa dogo ukaufunikia kubwa.

Kama utataka kumwambia mama yako kabla yangu, una haki. Kama utanitaka mimi niseme mbele yako, nitajaribu. Nimejaribu mara nyingi, kwa hiyo usiamini sana neno nitajaribu.

Mungu akupe mikono mizuri kama ya Mzee Salimu na moyo mwepesi kama wa Inyasi, na kutoka kwangu usirithi kitu isipokuwa shamba. Maji yakujue jina, yakurudishe. Watoto wako wakikuuliza, uwe na la kujibu.

Nikimaliza kuandika nitalifunga daftari hili kwenye mfuko wa nailoni, niliweke ndani ya sufuria ya mama, juu ya boti, pale utakapoanzia kupiga nyundo kesho.

Mvua bado. Jioni tumekula kiburu, maharage mengi ndizi kidogo, na maziwa ya mgando. Mama yako alinipakulia mimi kwanza, kama siku zote.