Meno ya Kupulizia Tarumbeta

Shule ya Serikali ya Korogwe enzi za Mjerumani ilikuwa na mambo mengi: hesabu, kuandika, gwaride, bustani ya mboga. Lakini kilichotukosesha usingizi ni bendi. Mpulizaji mzuri alichukuliwa kwenda shule kubwa ya Tanga, na aliyesoma Tanga alitoka karani. Nami niliutaka ukarani kwa kufa na kupona.

Shida ilikuwa jino langu la mbele. Lilimeguka pembeni nilipoanguka kwenye gwaride, na tangu hapo nilicheka mdomo umefumbwa. Mwalimu wetu, mtu wa Pangani, alishasema tarumbeta hushikiliwa na meno, asiye nayo apige ngoma. Wapiga ngoma hawakupelekwa popote.

Siku mkaguzi wa Kijerumani alipokuja kwa gari moshi kuchagua, mama naye alikuwa amefika kutoka kijijini kwetu Kwedizinga kunitazama. Tulipiga wimbo wetu uwanjani, nami nikipuliza tarumbeta ya shule. Mkaguzi hakusubiri tumalize. Alipita mbele yetu mmoja mmoja, akitufunua midomo kwa kidole gumba na kutazama meno. Kwangu alilipapasa lile jino, nikajua nimekwisha. Kisha akaitikia kwa kichwa. Nimepita!

Hapo mama akapiga ukelele. Aliwapita askari waliokuja na mkaguzi, akaja kunishika mkono.

"Mwalimu, mwanangu hauzwi!"

Mwalimu akacheka. "Nani kamuuza, mama? Anakwenda kusoma."

"Babu yangu walimtazama meno hivi hivi," mama alisema. "Wakasema anakwenda kubeba mizigo tu mpaka Pangani, atarudi. Bibi alimwekea chakula mpaka akazeeka."

Mwalimu hakucheka tena.

Nilitaka kumwambia mama kwamba mambo hayo yalishapita, asiniaibishe mbele ya wenzangu. Lakini hofu yake ilikuwa imeshaniingia, na sasa niliogopa kuchaguliwa kuliko nilivyoogopa kuachwa. Tulikuwa tunatakiwa kuondoka na gari moshi lile lile, na wenzangu walishaanza kupanga mstari kwenda stesheni.

Nikamwuliza mwalimu likizo ya Tanga ni lini, ili mama ajue siku ya kunitazamia.

Alinitazama, kisha akamtazama mama.

"Hilo sijaambiwa," akasema, akanikabidhi tarumbeta ya kwenda nayo.